Tangu Edd Aondoke, Baba Mkwe Haangalii Tena

Kipindi cha magari kilibadilika, nyumba yetu ikagawanyika. Na Land Rover iliyolala chini ya mparachichi ikanifundisha kuangalia upya.

Mpenzi msomaji, hebu niambie ukweli. Wewe na mwenzi wako mmewahi kununiana kwa sababu ya kipindi cha televisheni? Siongelei tamthilia, maana hizo zinajulikana. Naongelea kipindi cha wanaume wawili wa Kiingereza wanaonunua gari bovu, wanalitengeneza, halafu wanaliuza. Mimi na mume wangu tulinuniana siku tatu nzima. Tena siyo Dar, ambako mtu unaweza kwenda zako saluni ukapoza hasira. Ilikuwa kijijini kwao Masukulu, wilaya ya Rungwe, Krismasi ya 2023, na mvua ya huko mnaijua. Tukuyu inapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na nadhani nusu yake ilinyesha wiki ile.

Kwa ambao hamkukifuata, kipindi chenyewe ni Wheeler Dealers. Kilianza mwaka 2003 kwenye Discovery. Mike Brewer, mwenye maneno kama dalali wa magari ya Japani, ndiye aliyekuwa akitafuta gari na kupatana bei. Edd China, jitu la zaidi ya mita mbili lenye nywele timtim, ndiye aliyekuwa fundi. Anavaa glavu za rangi ya machungwa, anaingia chini ya gari, anakuonyesha bolti moja moja: hii inafunguliwa hivi, hii imekula kutu, hii spea yake ni bei fulani. Mwisho Mike anauza, na hesabu inatokea kwenye skrini. Tumenunua kiasi hiki, tumetumia kiasi hiki, faida ni hii. Wanapeana mikono, kipindi kimeisha. Mwanzoni kilikuwa cha nusu saa, baadaye kikawa cha saa nzima, na muda ulioongezeka ulikwenda sana kwenye karakana. Mume wangu anaita miaka ile "enzi".

Mimi kipindi hiki nilikisikia kabla ya kukiona, na sababu yake inafurahisha kidogo. Wanyakyusa wa zamani walikuwa na mila ya kukwepana: mke wa mtoto hakutakiwa hata kuonana na baba mkwe, achilia mbali kukaa naye sebuleni mkiangalia TV. Siku hizi mambo yamelegea, lakini kwa baba mkwe wangu hayajaisha yote. Ananisalimia huku anaangalia pembeni. Kwa hiyo tangu nilipoolewa nimezoea kukaa jikoni, mlango nusu wazi, namenya ndizi na mama huku sebuleni wanaume wanaangalia.

Niliyokuwa nasikia ni spana. Yaani spana, nyundo, kitu kizito kinaanguka kwenye sakafu, halafu sauti ya Edd inaeleza taratibu kama mwalimu wa darasa la tatu. Kisha kimya. Kisha spana tena. Baba mkwe alikuwa dereva maisha yake yote, na Kiingereza chake ni cha kwenye gari: gia, klachi, breki, kabureta. Lakini hakuna kilichompita. Alikuwa akimwambia mume wangu, "Angalia, sasa anatoa giaboksi kwa juu," na kweli Edd anaitoa kwa juu. Shemeji yangu mdogo alikuwa amewajazia vipindi vya nyuma kwenye flashi, wakawa wanarudia mpaka mimi mwenyewe huko jikoni nikajua silinda hedi inafungwa bolti kwa mpangilio, siyo kiholela.

KAZI AU STORI?

Machi 2017 Edd akaweka video YouTube akasema anaondoka. Uzalishaji ulikuwa umechukuliwa na Velocity ya Marekani, na kwa maelezo yake, hao waliona kipindi ni kigumu mno kutengeneza kwa namna ile. Walitaka sehemu ya karakana ipunguzwe, na yeye akaona kukubali ni kushusha ubora wa kazi yake. Watazamaji waliwaka ile mbaya, na aliyebeba matusi ni Mike, kana kwamba ndiye aliyemfukuza mwenzake. Mume wangu naye hakumsamehe. Nilimwambia, "Baba, Mike naye ni mwajiriwa kama wewe." Hakunijibu.

Akaja Ant Anstead, na karakana ikawa California. Ant siyo mbabaishaji, ni mtu wa kujenga magari kwa mikono yake. Lakini huko jikoni niligundua mabadiliko bila kuona chochote: spana zimepungua, muziki umeongezeka, na wanaume wawili wanataniana muda wote. Baba mkwe alivumilia vipindi kama vitatu hivi. Siku moja akasimama, akachukua mwavuli wake, akasema kwa Kiswahili ili wote tusikie: "Zamani walikuwa wanafanya. Sasa wanaongea." Akatoka kwenda kuangalia ng'ombe. Tangu siku hiyo ukiwekwa msimu mpya, haangalii.

Sasa hapa ndipo tulipoanza kugombana kimzaha mimi na mume wangu, kabla haijawa kweli. Mimi ni mhariri. Kazi yangu ni kukata. Nikiletewa makala ya maneno 3,000, maneno 1,500 yanakwenda na maji, na msomaji hajui kitu. Kwa hiyo niliwatetea Wamarekani. Nani ana muda wa kuangalia mtu anafungua bolti kumi na nne? Onyesha ya kwanza, onyesha ya mwisho, weka muziki katikati, twende. Tena nilimpenda Ant. Ana stori, anacheka, ni mtanashati (hilo sikulisema kwa sauti). Shemeji mdogo yeye ni wa kundi la tatu: mwaka 2021 kipindi kiliporudi Uingereza na kumchukua Marc "Elvis" Priestley, aliyekuwa fundi wa McLaren kwenye Formula One, alisema hatimaye wamepata mtu wa kisasa, na kwamba kaka yake anamlilia Edd kwa sababu anaulilia ujana wake. Kidogo wapigane.

Tulipopita Tukuyu mjini nilimuuliza fundi wa gereji moja kuhusu ubishi huu, maana naye anakijua kipindi. Alicheka. "Wote sawa tu. Bolti zao zinafunguka. Umewahi kuona bolti imekatikia ndani? Na hawana mteja anayepiga simu kila baada ya nusu saa." Rafiki yangu mhasibu wa Dar alikuwa na lake, na hili nimegundua watazamaji wengi dunia nzima wamelilalamikia tangu enzi za Edd: ile hesabu ya mwisho haina malipo ya fundi. Spea zipo, rangi ipo, lakini saa za mtu aliyelala chini ya gari hazimo. Ukiziweka, faida nyingi zinayeyuka. Nililisikia nikalipuuza. Ningejua!

LAND ROVER YA BABA

Baba mkwe ana Land Rover Series III, ile ya zamani yenye chesesi ndefu. Aliinunua kwenye mnada miaka ya tisini, ikabeba ndizi, wagonjwa, maharusi na majeneza ya nusu ya Masukulu, mpaka mwaka 2011 ilipozima ikawekwa chini ya mparachichi. Bodi ya gari hizi ni ya aluminiamu, kwa hiyo kwa macho ilionekana nzima, imechoka tu. Chesesi ndiyo ya chuma. Miaka kumi kwenye mvua ya Rungwe, majani yaliyooza yamejaa chini, we acha tu. Ukiigonga na nyundo inaingia kama biskuti.

Mwaka 2021 mume wangu akaamua kuifufua. Aliniambia itakula kama milioni moja na nusu, kidogo kidogo, nikasema sawa, ni gari la baba. Akawa anasafiri wikendi, kilomita kama 900 kwa basi kwenda tu. Na mimi akawa ananitumia picha. Picha ya gari bovu. Baada ya miezi, picha ya gari bovu limesimama kwenye magogo. Baada ya miezi tena, picha ya gari limepigwa rangi ya kijani, yeye yuko mbele amekunja mikono. Nikampongeza, nikaweka alama za moto.

Krismasi ile tukiwa Masukulu, nikiwa natafuta risiti ya tiketi kwenye simu yake, nikakutana na mtiririko wa malipo. Nikajumlisha. Milioni nne na laki saba. Hela ilitoka kwenye akaunti yetu ya pamoja, ile ya kiwanja.

Nilimuuliza kwa upole kwanza, jamani, Mungu shahidi. "Faida yake iko wapi?" Akasema, "Hatuuzi." Hapo upole ukaisha. Kumbe yule Mike anayemchukia angalau anauza! Nikamwambia amenidanganya. Akasema hajadanganya, alikuwa hataki kunichosha na habari za spea. Nikalala chumba cha watoto.

Siku tatu. Mama mkwe alijua, hakusema kitu, aliongeza tu maziwa kwenye chai yangu. Nikiwa jikoni nikisikiliza mvua kwenye bati, nikaanza kuona kitu ambacho kiliniudhi kuliko hata zile hela. Yule bwana alikuwa amenitengenezea kipindi ninachokipenda mimi. Picha ya kwanza, picha ya mwisho, muziki katikati. Katikati pamekatwa, na humo katikati ndimo milioni tatu zilimokuwa. Na kila alipojaribu kunieleza habari za springi, mimi mhariri nilikuwa namwambia, "Fupisha, baba."

Siku ya nne aliniita chini ya mparachichi, akiwa na daftari. Alitandika gunia tukalala chini ya gari, mimi na kitenge changu. Akaanza mbele kabisa. Hapa chesesi ilikatwa ikachomelewa chuma kipya, hapa pia, hapa mara mbili kwa sababu fundi wa kwanza aliharibu. Chuma na kuchomelea, milioni moja na laki tisa. Springi na spea nyingine, nyingi zimetoka Gerezani kwa mzigo wa basi, milioni moja na laki nne. Silinda za breki zilinunuliwa seti mbili, ya kwanza ilikuwa feki. Ufundi laki nane. Nauli na mizigo laki sita. Alikuwa amehifadhi vipande vya chesesi ya zamani kwenye ndoo, akavitoa kimoja kimoja akanipa nivishike. Ilichukua saa mbili hivi. Katikati nilichoka kweli, nilitaka kumwambia akate. Sikusema.

Kwenye daftari hapakuwa na baba. Nikamuuliza, baba alikuwa anafanya nini muda wote huo? Akasema alikuwa amekaa pale kwenye kigoda, kila siku ya kazi, anasafisha bolti kwa dizeli kwenye kopo, anazipanga kwenye ubao kwa jinsi zilivyotoka. Mamia ya bolti. "Hiyo umeiandika wapi?" Hakuwa ameiandika popote. Nikamwambia basi na Jumamosi zangu aziandike. Zile nilizobaki Dar peke yangu na mtoto mwenye homa, bomba limepasuka, na yeye yuko huku. Alidhani natania. Nikampa kalamu. Tulihesabu kwa tarehe za tiketi zake, zikafika 19. Akaziandika chini ya nauli, bila bei.

Usidhani niliondoka pale nikicheka. Kiwanja kilichelewa mwaka mzima, na hilo mpaka leo likitajwa nanuna kidogo. Tulikubaliana matumizi yoyote ya gari yakizidi laki mbili yanasemwa kwanza, kwa maelezo marefu, na mimi nimekatazwa kusema "fupisha". Kuhusu kipindi, bado nasema Ant alionewa, hakuajiriwa kuharibu kitu. Lakini nimeacha kuwatetea waliotaka karakana ipunguzwe. Wao waliona pale hakuna maneno ya maana. Wangekuja Masukulu wakamuuliza mzee ambaye maneno yao hayaelewi hata moja, na mikono aliielewa yote.

Jioni kabla hatujaondoka, Land Rover iliwaka ila breki zilikuwa zinavuta kushoto. Mume wangu alikuwa ameenda Tukuyu kukata tiketi, shemeji hayupo. Giza linaingia. Nikamsikia baba mkwe ananiita, mara ya kwanza kabisa kuniita yeye mwenyewe. "Mama, njoo ushike tochi." Alikuwa ameshafungua gurudumu, amelala ubavu, anaangalia breki, siyo mimi. Nikachuchumaa nikamulika. Akaanza kunieleza taratibu, bolti moja moja, hii inafunguliwa hivi, hii usiikaze mpaka mwisho. Nilikuwa na sufuria jikoni. Niliiacha iungue.