Pango, Kihamba na Akiba ya Mvuja Jasho

Katika madarasa yetu ya siasa tumezoea kuuanzia mjadala wa unyonyaji kiwandani au shambani: nani anamiliki mashine, nani ana nguvu zake tu, na ziada inakwenda wapi. Mara chache tunaufuata mjadala huo mpaka kwenye chumba anamolala mfanyakazi. Lakini ukimwuliza kijana wa Machame anayefanya kazi Moshi mjini au Dar es Salaam ni kitu gani kinachomnyima usingizi, hataanza na mwajiri. Ataanza na mwenye nyumba, na atakutajia mwezi ambao malipo yake yanakwisha. Makala hii inakusudia kueleza kwa nini pango linamshinda mtu ambaye, kwa hesabu ya mwezi mmoja mmoja, analimudu. Na kwa nini mawaidha ya kwamba ajibane aweke akiba hayajafika kwenye kiini cha jambo.

Tuanze na neno lenyewe. Lugha yetu inaita kodi ile fedha anayotozwa raia na Serikali, na ikaita kodi vilevile ile anayotozwa mpangaji na mwenye nyumba. Ya kwanza, ikisimamiwa vema, hurudi kwa njia ya barabara, zahanati na mwalimu wa shule. Ya pili hairudi. Hapa tutasema pango, ili mambo hayo mawili yasichanganywe.

Kwa nini mtu wa Machame anapanga

Machame ya zamani haikujua pango. Mtu aliishi katika kihamba chake: migomba juu, kahawa kivulini mwake, ng'ombe zizini, na maji ya mfongo yakipita kwa zamu. Kihamba kilirithiwa. Kwa mila, mtoto wa kwanza wa kiume alifikiriwa mapema na kitinda mimba akabaki na boma la baba. Wale wa katikati walitafutiwa ardhi mahali pengine, na binti hakuhesabiwa. Yeye alitazamiwa kukaa katika kihamba cha mumewe. Utaratibu huo uliwezekana kwa kuwa ardhi ya kutafutiwa ilikuwapo. Katika sensa ya mwaka 1967 Mkoa wa Kilimanjaro ulikuwa na watu zaidi kidogo ya 650,000. Katika sensa ya mwaka 2022 walikuwa zaidi ya 1,860,000. Mlima haukuongezeka. Juu kuna msitu wa hifadhi, chini kuna tambarare yenye ukame, na katikati vihamba vinagawanywa hadi vingine havitoshi hata kufunga ng'ombe mmoja.

Zao lililoziba pengo hilo kwa muda mrefu ni kahawa. Wakulima wa Kilimanjaro walianza kujiunga pamoja mwaka 1925, na mwaka 1933 wakapata chama kikuu chao cha ushirika, KNCU. Fedha ya kahawa ndiyo iliyolipa ada za shule za vizazi viwili. Hapo mzazi alikuwa na akiba bila kuiita akiba: alipeleka mazao chamani, akalipwa malipo ya kwanza, na malipo ya pili yakaja baadaye, wakati wa ada. Mwaka 1989 mapatano ya kimataifa ya mgawo wa kahawa yalivunjika, bei ikaporomoka, na baadhi ya wakulima wakaing'oa mibuni yao kupanda nyanya na mahindi. Basi mtoto wa katikati hakupewa ardhi wala fedha. Alipewa cheti cha shule, akateremka nacho mjini. Dada yake aliteremka naye, na yeye ana haki ndogo zaidi ya kurudi.

Hesabu ya miezi sita

Kima cha chini cha mshahara serikalini kilipandishwa kuwa shilingi 370,000 kwa mwezi mwaka 2022, na Julai 2025 kikawa shilingi 500,000. Katika sekta binafsi wengi wanalipwa chini ya hapo. Tuchukue mfano, ambao si takwimu bali ni wa kufanyia hesabu tu: mfanyakazi ambaye baada ya makato yote anabaki na shilingi 420,000 mkononi, na chumba chake ni shilingi 70,000 kwa mwezi. Pango lake ni moja ya sita ya anachopata. Mtu anayetazama juu juu atasema huyo hana tatizo, na kama ana tatizo basi ni mlevi.

Lakini mwenye nyumba hataki shilingi 70,000. Anataka miezi sita kwa mkupuo, na wengine wanataka mwaka mzima. Miezi sita ni shilingi 420,000, yaani mshahara wote wa mwezi mmoja. Dalali aliyemwonyesha chumba anataka malipo ya mwezi mmoja zaidi. Jumla ni shilingi 490,000, kabla hajanunua godoro, kabla hajala. Mtu huyu anaweza kulipa pango, ila hawezi kulilipa kwa namna linavyodaiwa.

Tukilitazama jambo hili kwa makini, tunaona kwamba anayelipa kabla ya kutumia ni mkopeshaji. Siku anayokabidhi shilingi 420,000, mpangaji hajalala katika chumba hicho hata usiku mmoja. Amemkopesha mwenye nyumba, naye atalipwa mkopo huo kwa kulala, usiku baada ya usiku, bila riba. Mwenye nyumba mwenye vyumba kumi anakusanya mikopo kumi ya namna hiyo, anajenga chumba cha kumi na moja, naye anasifiwa kuwa ni mtu mwenye bidii. Bidii anayo, hatukatai. Lakini mtaji wake umetoka mfukoni mwa watu wanaoambiwa kila siku kwamba hawajui kuweka akiba.

Sasa tufuate fedha hiyo upande wa pili. Kama shilingi 420,000 zingekaa katika chama cha akiba na mikopo ambacho humkopesha mwanachama hadi mara tatu ya akiba yake, kama vingi vinavyofanya, zingemfungulia mkopo wa shilingi 1,260,000. Hiyo ni cherehani na kitambaa cha kuanzia, au ng'ombe wa maziwa nyumbani. Kwa kuwa hana, anakwenda kwa mkopeshaji wa mtaani anayetoza, tuseme, 20 kwa mia kwa mwezi. Riba ya shilingi 420,000 ni shilingi 84,000 kila mwezi. Msomaji alinganishe mwenyewe: riba imezidi pango. Mtu huyo analipia chumba kimoja mara mbili na zaidi, kwa sababu tu ya kutakiwa kulipa mapema.

Anaishije basi? Jibu lipo stendi ya mabasi. Mkungu wa ndizi umefungwa kwa majani yake, nusu gunia la mahindi, dumu la maziwa ya mgando: vinashuka kutoka Machame na vinapokelewa mjini na mtu ambaye mshahara wake haujafika tarehe. Hatuvidharau vitu hivyo. Ni udugu, na ni chakula kizuri kuliko cha mjini. Lakini mchambuzi lazima aviingize katika hesabu. Mama aliyekata mkungu ule hakulipwa na mwajiri wa mwanawe, wala hakulipwa na mwenye nyumba wake. Hata hivyo jasho lake ndilo linalomwezesha mwajiri kulipa kidogo na mwenye nyumba kutoza kwa mkupuo. Kihamba kidogo ambacho hakikutosha kumrithisha mtoto ndicho kinachomdhamini mjini.

Yaliyofanywa na yaliyoachwa

Chama hakikuwa kipofu kwa suala hili. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962. Azimio la Arusha, lililotangazwa Februari 1967, liliweka miongoni mwa masharti ya viongozi kwamba kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha. Sharti hilo liliwekwa sambamba na lile la kutokuwa na mishahara miwili, na maana yake ilikuwa wazi: anayekula pango hawezi kumwamulia kwa haki anayelipa pango. Mwaka 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitaifishwa. Mwaka 1984 ikatungwa sheria mpya ya kudhibiti pango.

Hatuna budi kusema pia yaliyoharibika. Nyumba za umma zilikuwa chache, na aliyeipata aliishikilia; wengine waliwapangisha wenzao kwa bei ya juu, wakawa makupe juu ya mali ya umma. Pango lilipodhibitiwa kwenye karatasi, kilemba kililipwa gizani. Mjenzi mdogo wa nyumba ya vyumba sita, mjane aliyewekeza kiinua mgongo cha marehemu, alitiwa katika kapu moja na tajiri. Makosa hayo ni yetu. Lakini dawa iliyochaguliwa ilikwenda mbali. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 lililegeza masharti ya viongozi, na kupangisha nyumba kukaruhusiwa. Mwaka 2005 sheria ya kudhibiti pango ikafutwa. Tangu hapo mapatano yameachiwa pande mbili, kana kwamba mtu mwenye mabegi mawili barabarani na mtu mwenye ufunguo mkononi wana nguvu sawa. Na tangu hapo mwenye nyumba anaweza kuwa ameketi mstari wa mbele katika darasa letu la siasa.

Akiba inaanzia wapi

Tuliyoyaeleza yanaonyesha kwamba akiba ya mpangaji haianzi kwa kupunguza sukari. Inaanza kwa kuurudisha ule wakati aliomkopesha mwenye nyumba, na mtu mmoja peke yake hawezi kuurudisha.

Upatu unajulikana na kila mtu, ila mara nyingi unatumika kwa vyombo na sherehe. Tuuelekeze kwenye pango tuone. Wapangaji sita, kila mmoja akitoa shilingi 70,000 kila mwezi, wanapata shilingi 420,000, ambazo ndizo miezi sita ya mtu mmoja. Kila mwezi analipiwa mmoja. Baada ya miezi sita wote wamelipiwa, hakuna aliyekwenda kwa mkopeshaji, na kila mmoja ametoa kwa kipimo cha mshahara wake. Sharti ni kwamba miezi yao ya kulipa ipishane, na kwamba wanafahamiana vya kutosha hata anayepokea kwanza asihame na fedha za watano. Upatu huo una udhaifu wake: mmoja akiugua au akiachishwa kazi, mnyororo unakatika, kwa kuwa hauna akiba ya kuegemea. Ndipo kikundi chenye hisa, kama VICOBA, au chama cha akiba na mikopo, kinapouzidi. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 vikundi hivyo vinatakiwa kusajiliwa, na kada anayeongoza kikundi asiuone usajili kuwa usumbufu; daftari linaloweza kukaguliwa huokoa urafiki.

Watu wa Machame hawahitaji kufundishwa jambo hili na mgeni. Mwaka 1988 akina mama wa Nronga walianzisha chama chao cha ushirika wa maziwa. Kwa desturi kahawa ilikuwa ya baba na maziwa ya mama, na maziwa yalihesabiwa fedha ndogo isiyostahili mkutano. Kila mmoja alipouza lita zake peke yake, zilikuwa kweli fedha ndogo. Zilipokusanywa mahali pamoja, zikapimwa na kuandikwa, zikawa kitu kinacholipa ada. Inashangaza kidogo kwamba Moshi, yenye chuo cha ushirika tangu mwaka 1963, ambacho leo ni chuo kikuu, imejaa wanafunzi wanaosoma kanuni za ushirika mchana na jioni wanakwenda mmoja mmoja kumbembeleza mwenye nyumba.

Kuna akiba nyingine ambayo lazima tuiseme ingawa itawaudhi baadhi ya wasomaji. Ni ile nyumba ya bati jipya iliyojengwa kihambani, inayofunguliwa Desemba na kufungwa Januari, wakati mwenyewe anapanga chumba kimoja mjini miezi kumi na moja. Hatuicheki. Katika miaka ya 1980, shilingi ilipokuwa ikipoteza thamani, aliyenunua saruji alikuwa na akili kuliko aliyeacha fedha benki. Na mtu anataka mahali pa kuzikwa na kwao. Lakini bati halikopesheki likigongwa darini, na tofali haliwezi kulipa pango la Machi. Mwenye kujenga kidogo kidogo angeweka kwanza chamani akiba ya miezi sita ya pango, kisha akaendelea na msingi, angejenga bila ya kukopa kwa riba.

Jukumu la pili ni la upande wenye ufunguo, na hapa tunazungumza na makada wenyewe. Tunapendekeza swali moja liulizwe katika kila tawi: mwanachama mwenye vyumba vya kupangisha anapokea miezi mingapi kwa mara moja? Tunalijua jibu litakalotolewa, kwamba mpangaji wa mwezi kwa mwezi hulipa mara ya kwanza kisha hutoroka usiku. Wapo wanaofanya hivyo, na mwenye nyumba mdogo hawezi kubeba hasara hiyo peke yake. Lakini kikundi cha wapangaji kilichosajiliwa kinaweza kumdhamini mwanachama wake kwa mwezi mmoja kutoka mfuko wa dharura, na pango la kila mwezi linaweza kutumwa kwa simu bila mtu kufuatwa mlangoni. Tawi linalo daftari la wanachama. Lianze na wale wenye vyumba, kabla ya kuwaita wapangaji kwenye semina ya kuweka akiba.