Reli iko mbali na Palma

Kutoka Mto Ruvuma hadi Pemba hakuna hata kipande cha reli. Mchuuzi wa Palma au Mocímboa da Praia anayetaka vitunguu na maharage ya bara kwa bei ya shambani huanza kwa barabara: Awasse, Macomia, Chiúre, kisha daraja la Mto Lúrio. Reli huiona kwa mara ya kwanza Namialo, barabara inapokutana na njia ya treni itokayo Nacala.

Barabara yenyewe ni mtihani. Tangu Mocímboa iliposhambuliwa Oktoba 2017, na Palma Machi 2021, msafiri huulizia hali kabla ya kulipa nauli, na kuna vipande ambavyo magari yamekuwa yakipita kwa msafara wa askari.

Treni ya Cuamba huondoka Nampula alfajiri. Ni kilomita 350 hivi, na huchukua kutwa nzima. Behewa la daraja la tatu hujaa magunia, kuku na akina mama waliofunga watoto kwa kapulana. Nje, majabali makubwa ya mawe yamesimama peke yake tambarare. Ribáuè, Malema, Mutuáli: kila kituo ni soko. Wauzaji hukimbilia madirishani na mabeseni kichwani, na bei hupatanwa haraka, maana treni ikipiga honi mwenye noti kubwa ameumia. Chenji ya metikali iwe mkononi. Shilingi iliyozoeleka mpakani huku haimsaidii mtu, na Kiswahili pia hupungua nguvu. Anayejua Kimakua ndiye apataye bei.

Mara treni husimama porini, hakuna kituo wala soko. Inapisha makaa ya mawe. Njia hii ilikarabatiwa ili kubeba makaa ya Moatize, kupitia Malawi, hadi bandari ya Nacala-a-Velha, safari ya kilomita zipatazo 900. Abiria ni mgeni juu ya reli. Si huku tu: Marekani, treni ya abiria itokayo Chicago hadi jirani ya San Francisco, zaidi ya kilomita 3,900 na siku mbili njiani, nayo hupita kwenye reli za kampuni za mizigo na huchelewa kwa sababu hiyo hiyo.

Ng'ambo ya Ruvuma reli iliwahi kuwapo, ya Mtwara hadi Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza. Karanga zilishindikana, nayo ikang'olewa miaka ya 1960.

Kurudi ndiko kugumu. Magunia hushushwa Nampula, hupakiwa lori, na kuanzia hapo kila siku ya kungoja msafara ni hasara. Maharage huvumilia. Vitunguu vilivyofungwa vibichi huanza kunuka kabla ya Macomia, na mnunuzi wa Palma hafungui gunia lenye harufu.