Kompresa ya husbil ikizimika: tafuta uvujaji kwanza

Ukitafuta husbil ya bei nafuu kwenye Blocket, yaani gari lenye vitanda na jiko ndani yake, utakutana na neno luftfjädring. Maana yake ni kwamba nyuma, kwenye ekseli, kuna mifuko miwili ya mpira inayojazwa upepo ili kusaidia springi za chuma kubeba mzigo. Katika magari mengi upepo huo hutoka kwenye kompresa ndogo ya volti 12 iliyofichwa chini ya kiti, ndani ya kabati la pembeni au chini ya sakafu. Gari likishafikisha miaka 15 au 20, kompresa hiyo huanza kusumbua. Gari linainama upande mmoja, unabonyeza swichi, kimya. Unaambiwa ununue nyingine.

Usinunue bado. Kompresa ndogo kama hii haikutengenezwa kufanya kazi mfululizo. Inasukuma upepo kwa dakika chache, kisha inapumzika ipoe. Mahali fulani pakiwa na tundu dogo, hata la kupitisha upepo kidogo sana, unalazimika kuiwasha kila siku, au inajiwasha yenyewe kila mara. Inapata joto, ringi ya pistoni inalika, mwishowe mota inaungua. Ukifunga mpya bila kuziba tundu, nayo itafuata njia ile ile. Umelipa mara mbili na gari bado limeinama.

Kabla hujafungua chochote, hakikisha upepo huo ni wa springi peke yake. Husbil kubwa zilizotengenezwa kutokana na basi au lori huwa na breki za upepo. Waliowahi kuendesha malori kule nyumbani wanalijua hilo vizuri: upepo ukipungua, breki zinakuwa za mashaka. Kama kompresa inalisha breki, kazi hiyo ni ya karakana, hata kama wewe ni fundi mzuri.

Jambo la pili linahusu uhai wako. Gari linaloshikiliwa na mifuko ya upepo linaweza kushuka ghafla mara tu unapochomoa bomba. Usiingie chini yake likiwa limeinuliwa na jeki pekee. Weka vizuizi kwenye magurudumu, weka stendi imara (pallbockar) chini ya fremu, toa upepo wote, ndipo uguse mabomba.

Sasa uchunguzi. Magari mengi yana vali ya kujazia kama ile ya tairi, karibu na kompresa au nyuma ya gari. Nenda kituo cha mafuta, jaza mifuko kwa pampu ya matairi hadi kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari, kisha uliache lilale. Asubuhi soma geji. Ikiwa upande mmoja umeisha, tatizo liko kwenye mfuko, bomba au kiungo cha upande ule. Ikiwa pande zote mbili zimebaki vilevile, basi ndiyo uanze kuishuku kompresa au umeme wake.

Ila kumbuka baridi. Upepo ukipoa husinyaa. Mfuko uliojazwa bar 4 ndani ya gereji yenye nyuzi 20, ukilala nje kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, unaweza kuonyesha karibu bar 3.5 bila tundu lolote. Ndiyo maana geji ya asubuhi moja ya Januari haitoshi kukupa jibu.

Kutafuta tundu hakuhitaji mashine. Changanya maji na diskmedel, pakaa kwa brashi kwenye kila kiungo, kwenye vali na kwenye mikunjo ya mpira, kisha tazama mapovu. Mara nyingi utayaona pale bomba la plastiki linapoingia kwenye kiungo. Toa upepo, chomoa bomba, kata sentimita moja au mbili za mwisho kwa kisu kikali, mkato ulionyooka, kisha lisukume hadi lifike mwisho. Kazi ya robo saa. Mfuko wenye nyufa kwenye mikunjo, huo usizibwe kwa gundi, badilisha.

Kama hakuna uvujaji na kompresa bado imenyamaza, fuata umeme. Anza na fyuzi, na ukiibadilisha weka ya ampea zile zile. Fyuzi kubwa zaidi, au kipande cha waya, ni njia ya kuchoma gari usiku watoto wakiwa wamelala ndani. Sikiliza rilei: inagonga unapobonyeza swichi? Halafu angalia waya wa hasi pale unapofungwa kwenye fremu. Chumvi inayomwagwa barabarani Uswidi wakati wa barafu hula viungo hivyo hadi vinageuka unga wa kijani au wa kutu. Fungua, safisha kwa brashi ya chuma, kaza, pakaa grisi. Ukiwa na multimita, pima volti kwenye kompresa yenyewe wakati swichi imebonyezwa. Ukikuta volti 12 na mota haizunguki, hapo kweli imekufa. Ukikuta 8 au 9, waya au betri ndiyo yenye kosa.

Kompresa pia hutengeneza maji, kwa sababu unyevu wa hewa hugeuka matone inapobanwa. Kule kwetu maji hayo yanaleta kutu tu. Hapa yanaganda ndani ya bomba na kuziba vali. Kama mfumo wako una tangi dogo, fungua koki yake umwage maji kabla baridi haijaanza.

Kuna wanaodhani kwamba wakiongeza upepo wanaweza kuongeza mzigo. Mifuko huinua gari tu. Uzito unaoruhusiwa ni ule ulioandikwa kwenye registreringsbevis. Leseni ya B nayo inaishia kwenye totalvikt ya kilo 3,500. Na leseni kutoka Kongo, Uganda au Tanzania inakubalika kwa mwaka mmoja tu tangu uandikishwe kuwa mkazi (folkbokförd), kwa hiyo hesabu tarehe kabla ya kuhesabu pesa za gari.

Ukienda kutazama gari, omba kompresa iwashwe mbele yako, mifuko ijazwe, halafu kaa unywe chai na muuzaji kwa saa moja. Soma geji unapofika na unapoondoka. Mvujo ukionekana, mjadiliane bei hapo hapo, kabla ya kusaini.

Kuhusu mahali pa kufanyia kazi: maegesho ya nyumba za kupanga mara nyingi yana masharti dhidi ya kutengeneza magari, kwa hiyo muulize mwenye nyumba kwanza. Karakana za kujihudumia (gör-det-själv-verkstad) hukodishwa kwa saa, na zina vifaa. Hapa Norsborg kuna sababu nyingine ya kutomwaga oili au kusafishia mota barabarani: mitaro ya mvua huelekea Ziwa Mälaren, na tangu 1904 mtambo wa maji wa Norsborg umekuwa ukichota humo maji ya kunywa ya Stockholm. Oili chafu hupelekwa återvinningscentral.