Mimea ya tangi la samaki: mimi niliuziwa mmea wa nchi kavu!

Baada ya kumaliza kidato cha nne nilijinunulia tangi la kioo la lita 60 na gapi kumi. Muuzaji mmoja hapa Dar akanipa na vimea vitatu, ati vya majini. Wiki tatu baadaye mashina yanateleza, maji yananuka, gapi saba wamekufa. Kumbe ilikuwa drasena, ule wanaouita mwanzi wa bahati! Mizizi yake huvumilia maji, lakini ukiuzamisha mzima na majani unaoza. Kinachooza hutoa amonia, na amonia ni sumu kwa samaki.

Basi kabla hujatoa hela, utoe mmea majini uuangalie. Mingi inayoishi chini ya maji hulegea kama uzi, maana huko inabebwa na maji. Ukisimama wima, shtuka, muulize jina. Ila anubiasi ya Afrika Magharibi ni ngumu na bado inafaa. Hiyo haitaki mwanga mkali, na samaki wengi hawaili. Usifukie lile shina lake nene mchangani, litaoza. Lifunge kwa uzi kwenye jiwe.

Visima vingi vya Dar maji yake ni ya chumvichumvi, kwa hiyo tafuta mimea migumu. Valisneria, yenye majani marefu kama utepe, hupenda maji magumu na huota yenyewe Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa. Lakini ukifuga wale samaki wa huko wanaochimba mchanga, watakung'olea yote, kwao anubiasi ya kwenye jiwe ndiyo salama.

Taa iwashe kama saa nane kwa siku. Ukizidisha unafuga mwani. Tena msiijaze mno, usiku mimea nayo inavuta oksijeni, na umeme ukikatika pampu imezima asubuhi unakuta samaki wanahema juu.

Magugu maji, hata yakikuvutia kwa maua, achana nayo. Yalitoka Amerika Kusini, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 yameisumbua Ziwa Victoria. Mimea unayopunguza usitupe mtoni wala mtaroni, ianike juani ikauke kabisa.

Gapi wangu watatu waliopona wameshazaa. Anubiasi ninayo kipande kimoja tu, mwenye cha kunigawia aseme!