Siku 21 Zisizo na Risiti: Uzazi wa Ng'ombe na Biashara ya Maziwa

Muulize mfugaji wa Hai au Arumeru gharama za ng'ombe wake wa maziwa, atakuhesabia kwa vidole: pumba, mashudu, majani ya kununua kiangazi, dawa ya kupe, malipo ya daktari wa mifugo, posho ya kijana anayekata majani. Ni nadra kumsikia akitaja siku. Na siku ndizo zinazommaliza. Ng'ombe aliyepitisha joto moja bila kupandishwa ataendelea kula kwa siku nyingine 21, ataendelea kunyweshwa na kunyunyiziwa dawa, na hasara hiyo haina risiti wala haiandikwi popote.

Hesabu yenyewe ni fupi. Mimba ya ng'ombe hukaa siku 280 hivi, na mwaka una siku 365. Ng'ombe wa kuzaa kila mwaka, basi, ana siku 85 tu tangu azae hadi ashike mimba nyingine. Katika hizo, siku 45 hadi 60 za mwanzo ni za mfuko wa uzazi kusafika na kurudi mahali pake. Kumpandisha mapema zaidi mara nyingi ni kupoteza mbegu. Zinazosalia ni siku 25 mpaka 40. Na kwa kuwa joto hurudi kila baada ya siku 21 kwa wastani, wengine 18, wengine 24, mfugaji ana nafasi moja, akibahatika mbili. Zikimpita hizo, mwaka umeshamponyoka, hata kama ndoo ya asubuhi bado inajaa.

Tuchukue mfano wa ng'ombe wa kawaida, wa lita 10 kwa wastani kwa muda wa siku 305 za kukamuliwa. Uzao mmoja unampa mwenyewe lita 3,050. Akizaa kila mwaka, miaka minne ina mizao minne: lita 12,200 na ndama wanne. Sasa mchukue ndugu yake, damu ileile na banda lilelile, ila huyu huzaa kila baada ya miezi 16. Miaka minne inampa mizao mitatu. Atakamuliwa kwa muda mrefu zaidi kila uzao, ni kweli, lakini yale ni maziwa ya mwishomwisho. Tumpe lita 3 kwa siku kwa siku 120 za ziada. Jumla yake haifiki lita 10,250. Tofauti ni karibu lita 2,000 na ndama mmoja, kwa ng'ombe mmoja tu, bila ugonjwa wowote na bila mtu kuona kosa limetendeka wapi. Zidisha kwa bei ya lita kijijini kwako.

Kosa hutendeka usiku. Joto la ng'ombe hudumu saa 12 hadi 18, na kwa mahuluti wenye damu nyingi ya zebu huwa fupi zaidi, pengine likaanza watu wakiwa wamelala na kuisha kabla ya saa za kukamua. Yai hutoka joto likishakwisha, baada ya nusu siku hivi. Ndiyo maana ya kanuni wanayofundishwa wahimilishaji, wale wanaopandisha ng'ombe kwa mbegu zilizohifadhiwa: ng'ombe aliyeonekana kwenye joto asubuhi apandishwe jioni, aliyeonekana jioni apandishwe kesho yake asubuhi. Kanuni hiyo ilitokana na majaribio ya Trimberger kule Nebraska, Marekani, katika miaka ya 1940, na hadi leo ndiyo inayotumika vijijini kwetu. Lakini inadhani jambo moja kubwa, kwamba yupo mtu aliyeona.

Dalili isiyodanganya ni moja, ng'ombe kusimama akatulia anapopandwa na mwenzake. Kulia, kuhangaika, maziwa kupungua ghafla, uke kuvimba, ute mwangavu unaoning'inia kama uzi, zote hizo ni za kusaidia tu. Sasa mfikirie ng'ombe wa kihamba, yaani shamba la nyumbani, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, aliyefungiwa peke yake bandani chini ya migomba, akiletewa majani hapo hapo mwaka mzima. Nani atampanda? Ufugaji huu wa ndani, ambao ndio uliowezesha kaya zenye nusu eka kuuza maziwa, umemnyang'anya ng'ombe njia yake ya kusema. Kinachobaki ni macho ya anayemkamua, na mara nyingi huyo ni mama mwenye shughuli nyingine kumi kabla jua halijachomoza.

Bibi yangu, Machame, alikuwa na ng'ombe wa namna hiyo, mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji. Alipandishwa mara tatu, na mara tatu zote malipo yalitoka siku hiyohiyo. Baada ya mara ya tatu kila mtu akaendelea na kazi zake.

Ipo dalili nyingine ambayo naona inadharauliwa bure. Siku moja hadi tatu baada ya joto kupita, ng'ombe wengi hutoa damu kidogo, ambayo huonekana imegandia mkiani. Wengi wakiiona hudhani ni ugonjwa, au mimba imetoka. Hiyo ni taarifa ya bure: joto lilikuwapo juzi. Kama hakupandishwa, hesabu siku 18, weka alama kwenye kalenda, kisha kesha. Daftari la shilingi chache lingefanya kazi ambayo hakuna mbegu ya bei ghali inayoweza kuifanya.

Tukitoka bandani na kuufuata mnyororo kinyumenyume, tunafika Usa River, Arusha, kwenye Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji. Huko ndiko wanakofugwa madume wa kutoa mbegu. Mkupuo mmoja wa dume huchanganywa na viini vya kuuhifadhi, hugawanywa katika mirija midogo ya mililita 0.25 au 0.5, na kuzaa mamia ya dozi. Dume mmoja mzuri, ambaye kwa kupanda mwenyewe angehudumia ng'ombe kadhaa kwa wiki, anakuwa baba wa maelfu katika mikoa asiyowahi kuikanyaga. Jambo hili liliwezekana baada ya mwaka 1949, Christopher Polge na wenzake wa Uingereza walipogundua kwamba gliserini huzilinda mbegu zisife kwa kugandishwa. Waligundua kwa bahati, wakifanya kazi na mbegu za jogoo, kwa sababu chupa moja ya maabara ilikuwa na lebo isiyo yake.

Mirija hiyo hukaa ndani ya mtungi wa naitrojeni ya maji, kwenye ubaridi wa nyuzi 196 chini ya sifuri. Na hapa ndipo uchumi wa kazi ya uhimilishaji ulipo. Naitrojeni huvukiza kila siku, wateja wawepo wasiwepo. Mhimilishaji anayepandisha ng'ombe 60 kwa mwezi na yule anayepandisha 6 wote wanajaza mtungi. Tofauti ni kwamba wa kwanza anaigawa gharama kwa 60. Kwa hiyo huduma hustawi palipo na ng'ombe wengi wa kisasa karibu karibu, kama Kilimanjaro, Arusha, Tanga, Njombe na Rungwe, na hufifia ukisogea kwenye vijiji ambako kutoka banda moja hadi lingine ni kilomita 15 za pikipiki. Mtungi ukikaukiwa njiani, mbegu hufa kimya. Mirija haibadiliki rangi. Mfugaji atalipa, mhimilishaji naye atapandisha kwa moyo mweupe, na siku 21 baadaye ng'ombe atarudi joto.

Kenya wamepitia njia yenye mafunzo kwetu. Kituo cha mbegu cha Kabete kilianzishwa mwaka 1946. Katika miaka ya 1970 serikali ilikuwa ikitoza shilingi 1 tu kwa huduma, wahimilishaji wakizunguka kwa magari kwenye njia maalumu, na kufikia mwisho wa muongo huo ng'ombe waliopandishwa walizidi nusu milioni kwa mwaka. Ruzuku ikawa mzigo usiobebeka. Kuanzia mwaka 1991 kazi ikaachiwa watu binafsi, bei ikapanda, na wafugaji wengi wakarudi kwa dume wa jirani. Walionusurika vizuri ni wale waliokuwa na ushirika wenye nguvu. Githunguri, katika Kaunti ya Kiambu, mwanachama hupata huduma leo na gharama hukatwa kwenye malipo yake ya maziwa. Hapo mambo mawili hutatuliwa kwa pamoja: mfugaji hahitaji fedha mkononi siku ya joto, na mhimilishaji ana uhakika wa wateja wa kutosha kujaza mtungi wake. Tanga, ambako vyama vya msingi vya wafugaji vimekuwa vikikusanya maziwa pamoja tangu miaka ya 1990, ina msingi wa kufanya vivyo hivyo kwa upana zaidi. Naamini huko ndiko fedha za kuendeleza sekta zingepaswa kuelekezwa kabla ya kununua mitamba wengine kutoka nje.

Lipo pia suala la malipo yenyewe, na hapa sitasitasita kusema. Kwa desturi yetu mhimilishaji hulipwa kwa kupandisha, si kwa mimba. Ng'ombe akirudi joto mara tatu, amelipwa mara tatu. Silaumu watu; wengi wao ni waaminifu na hutoka usiku kwenye mvua. Naulaumu mpango. Malipo yagawanywe: nusu siku ya kupandisha, nusu baada ya mimba kupimwa kwa mkono, kazi ambayo mtaalamu huweza kuifanya kuanzia mwezi wa pili. Kipimo hicho hakihitaji mashine. Kinahitaji glovu ndefu na mtu aliyefundishwa.

Mhimilishaji naye hubeba lawama zisizo zake. Maziwa ya ng'ombe hufikia kilele wiki ya sita hadi ya nane baada ya kuzaa, wakati uleule anaotakiwa kurudi joto. Anatoa zaidi ya anachokula, na pengo hilo analijaza kwa nyama na mafuta ya mwili wake. Akiwa alizaa amekonda, mayai husimama. Hakuna joto la kuonekana hata ukikesha mwezi mzima. Kwa hiyo mimba ijayo huanza kutengenezwa miezi miwili kabla ya kuzaa, pale anapokaushwa kwa siku 60 na kupewa chakula cha kutosha badala ya kutupiwa mabua ya mahindi kwa kuwa eti haleti kitu. Madini nayo hayakwepeki. Maji vilevile: kila lita ya maziwa inataka lita 3 hadi 4 za kunywa, na wapo wanaonunua mashudu kwa bei kubwa huku ng'ombe akipata ndoo mbili tu za maji.

Uhaba wa mitamba, unaolalamikiwa kila maonyesho ya Nanenane, ni mtoto wa uzembe huohuo. Ng'ombe 10 wakizaa kila mwaka, ndama 10, majike ni kama 5. Wakizaa kila baada ya miezi 16, ndama hawafiki 8 kwa mwaka, majike hawafiki 4, na ukitoa wanaokufa kwa ndigana kali na kuhara, pamoja na wale wa kurithi mama zao waliozeeka, hakuna wa kuuza. Mashamba ya serikali kama Kitulo, Mabuki na Ngerengere hayawezi kuliziba pengo linalochimbwa kila siku kwenye maelfu ya mabanda. Mbegu zilizochaguliwa jinsia, ambazo hutoa majike kwa takriban asilimia 90, zinasaidia, lakini ni ghali na hushika mimba kwa kiwango cha chini kidogo, hivyo si za ng'ombe anayerudi rudi. Zianzie kwa mitamba wenye afya. Na kwa anayenunua mtamba mnadani, swali moja la kuuliza: alizaliwa pacha wa dume? Zaidi ya 9 kati ya 10 wa aina hiyo ni tasa tangu tumboni, hata akiwa na umbo la kupendeza.

Haya yote ni ya ng'ombe wa maziwa, na Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30 ambao asilimia zaidi ya 90 ni wa asili. Kwa mfugaji wa Simanjiro au Meatu anayehama na mvua, mtungi wa naitrojeni si jibu. Dume bora la Boran, lililopimwa ugonjwa wa kutupa mimba na kubadilishwa kila miaka miwili au mitatu lisije likawapanda mabinti zake, litamfikisha mbali zaidi. Nguruwe na mbuzi wana rehema ya muda: nguruwe huzaa kwa siku 114, mbuzi kwa 150, na kosa la mwezi mmoja hufutika upesi. Ng'ombe hafuti.

Yule wa bibi hakuonekana tena kwenye joto. Lakini hata zamani joto lake lilikuwa likionekana kwa taabu, kwa hiyo ukimya wake haukumwambia mtu kitu. Hapakuwa na tarehe iliyoandikwa, wala hakuna aliyekuja kumpima. Baada ya miezi kadhaa maziwa yakashuka hadi lita mbili, kiangazi kikakaza, majani yakapanda bei, na wazee wakakubaliana kwamba ni tasa. Akauzwa kwa bei ya nyama. Jioni ile mchinjaji alimtuma kijana wake aje kumwambia bibi kwamba ndani mlikuwa na ndama jike, mwenye baka jeupe kwenye paji, wa miezi sita hivi.