Anzia Shingoni, Pikapu Baadaye

Kijana wa Tanga anayejifunza muziki wa dansi akipata gitaa lake la kwanza la umeme, mara nyingi huwa ni nakala ya Stratocaster iliyotengenezwa Asia: mwili wa mbao nyepesi, pikapu tatu, na nyuzi zilizoanza kushika kutu zikiwa bado dukani. Likimshinda, la kwanza analowaza ni kubadilisha pikapu, maana kasikia kwamba sauti iko pale. Mimi humwambia pesa yake aiweke kwanza. Kinachomshinda kwa kawaida kiko shingoni, na kwa muziki anaoutaka yeye, pikapu alizonazo zinaweza kumtosha kwa muda mrefu.

Turudi kwenye muziki wenyewe. Jamhuri Jazz, bendi ya Tanga iliyoanza miaka ya 1950 kwa jina la Young Nyamwezi, na jirani zao Atomic Jazz, walizijenga nyimbo zao juu ya magitaa yanayojibizana. Black Star Musical Club wakaliingiza gitaa la umeme na besi hata kwenye taarab katika miaka ya 1960. Ndugu Wilson na George Kinyonga walipita Jamhuri kabla ya kwenda Arusha, kisha mwaka 1971 wakavuka kwenda Kenya, ambako bendi yao Simba Wanyika ilitia fora. Sikiliza rekodi zao: solo inatembea juu kabisa ya shingo, sauti ni safi, haikwaruzi, na mara kwa mara noti mbili zinapigwa kwa pamoja. Hakuna pa kujificha hapo. Gitaa lililopotoka kidogo tu huko juu litagombana na rithimu wimbo mzima, na pikapu ya bei mbaya itakachofanya ni kuutoa ugomvi huo kwa uwazi zaidi.

Kwa hiyo naanza na kile kipande chenye mifereji sita, pale nyuzi zinapotoka kichwani kuingia shingoni. Mafundi wengine hukiita kizingiti. Kwenye magitaa ya bei nafuu huwa ni plastiki, na mifereji yake huachwa juu mno kwa sababu kuichonga vizuri kunataka muda wa fundi, na muda ni gharama. Kukipima ni rahisi. Bana uzi kwenye freti ya tatu, kisha tazama nafasi iliyopo kati ya uzi huo na freti ya kwanza. Panapaswa kubaki upenyo mwembamba kama karatasi. Ukiona pengo kubwa, maana yake kila unapobana freti ya kwanza au ya pili unauvuta uzi kwa nguvu na noti inapanda. Hapo utatyuni mchana kutwa, nyuzi zikiwa wazi ziko sawa, ukishika kodi zimeharibika.

Plastiki hiyo naibadilisha kwa mfupa wa ng'ombe, na mfupa hapa haujawahi kuwa shida. Mfupa mnene wa mguu unachemshwa, mafuta yanatolewa, unaachwa ukauke vizuri kabla ya kukatwa. Ziba pua na mdomo unapousugua, vumbi lake si zuri kwa mapafu. Mfereji unachongwa kwa tupa nyembamba, ukiinama kidogo kuelekea kichwani ili uzi ukae kwenye ukingo wa mbele, upande wa freti. Upana uzidi unene wa uzi kwa kiasi kidogo sana, na karibu nusu ya unene wa uzi ibaki juu ya mfupa. Ukikaza uzi na kusikia mlio mdogo wa kukwama na kuachia, mfereji bado umebana. Unga wa risasi ya penseli ukipakwa ndani ya mfereji husaidia uzi kuteleza. Kazi hii huchukua nusu siku ya mtu mvumilivu, na sijui marekebisho mengine yanayolibadilisha gitaa kwa gharama ndogo hivyo.

Baada ya hapo njoo kwenye nondo iliyo ndani ya shingo. Bana freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, halafu angalia pengo kwenye freti ya saba au ya nane; robo ya milimita inatosha. Pengo likizidi, kaza nondo robo mzunguko, tyuni tena, pima upya. Usilazimishe nondo inayogoma. Kimo cha nyuzi kwenye freti ya 12 naanzia milimita 1.6 kwa uzi mwembamba na milimita 2 kwa uzi mnene. Mwisho linganisha sauti ya uzi ukiugusa tu juu ya freti ya 12 na sauti yake ukiibana freti hiyo. Ya kubana ikiwa juu, kirudishe nyuma kile kipande cha daraja kinachobeba uzi. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Mpiga solo wa dansi asiruke hatua hii hata siku moja.

Pwani ina madai yake. Hewa ya chumvi hula kwanza skrubu ndogo za darajani, na skrubu iliyoshikwa na kutu haisogei tena. Tone la mafuta ya cherehani kwenye kila skrubu, na kitambaa kikavu kupita kwenye nyuzi kila baada ya kupiga, vinatosha. Unyevu nao huijaza mbao. Gitaa lililozoea Tanga au Pangani likipandishwa Arusha au Dodoma, ubao wa shingo hunywea na ncha za freti hutokeza pembeni zikakwaruza kiganja. Ncha hizo huondolewa kwa tupa laini na msasa.

Sasa umeme. Gitaa lenye pikapu za koili moja huvuma, na mvumo una vyanzo zaidi ya kimoja. Kelele ya kuchakarisha inayopungua ukigusa nyuzi huzuiwa kwa kufunika ndani ya shimo la pikapu kwa karatasi ya shaba iliyounganishwa na erthi ya gitaa. Foili ya aluminiamu ya jikoni nayo inafaa, ila haikubali lehemu ya kawaida, kwa hiyo waya wake ufungwe kwa skrubu. Mvumo mzito wa hezi 50 unaotoka kwenye transfoma za jirani hauzuiwi na karatasi hiyo. Geuka tu pembe tofauti na amplifaya, utausikia ukipungua.

Hapa nasema kwa msisitizo. Ukipigwa shoti mdomo unapogusa maiki huku umeshika nyuzi, usikate waya wa erthi unaokwenda darajani. Zima vyote. Tatizo liko kwenye amplifaya au nyaya za ukumbi, na volti 230 zinaua. Ile pini ndefu ya plagi ndiyo erthi. Anayeing'oa ili plagi iingie kwenye soketi ya pini mbili ameondoa kinga yako.

Tundu la jeki na volyumu zinazokwaruza zibadilishwe mapema, ni vitu vya bei ndogo na fundi redio yeyote atavilehemu. Pikapu zenyewe zishushe kwanza kabla ya kuzikatia tamaa. Sumaku ikikaribia mno huzivuta nyuzi nene, na noti za juu ya shingo zinayumba kana kwamba hazijatyuniwa. Ukiwa umebana freti ya mwisho, acha kati ya uzi na pikapu kama milimita 3 upande mnene na 2.5 upande mwembamba, halafu sikiliza.

Kama bado unataka pikapu nyingine, tafuta za sumaku ya alniko zenye nguvu ya wastani, usivutwe na zile zilizotengenezewa roki nzito. Muulize muuzaji kama ya kati imezungushwa kinyume na sumaku yake imegeuzwa: ikiwa hivyo, swichi ikiwa nafasi ya pili au ya nne mvumo unafutika, na hizo ndizo nafasi zinazompa mpiga rithimu sauti nyembamba inayong'aa, isiyoingilia njia ya solo.