Kumwandikia Msomaji Asiyeuliza: Maelezo ya Zana kwa Wakala wa Akili Mnemba

Katika toleo hili tunapenda kuwaeleza walimu wenzetu na wanafunzi juu ya aina moja ya uandishi wa kiuamilifu ambayo bado hatujaipa nafasi madarasani, nayo ni uandishi wa maelezo ya zana za kompyuta zitakazotumiwa na wakala wa akili mnemba. Tutaanza na kosa letu wenyewe.

Muhula uliopita tuliandaa zana ndogo ya kupanga ratiba ya kuwakagua wanafunzi wetu walio katika mazoezi ya kufundisha wilayani Kasese. Tuliiunganisha na wakala ili asome ujumbe wetu, aandike ratiba na kumjulisha kila mwanafunzi. Maelezo tuliyoyaandika yalikuwa na maneno matano tu: "Saa: weka saa ya ukaguzi." Kisha tukatuma ujumbe: "Mwanafunzi wa Bwera, Ijumaa, saa 8." Tulimaanisha saa nane mchana. Wakala akaandika 08:00, na mwanafunzi akajulishwa kwamba tutafika saa mbili asubuhi. Tulipofika Bwera mchana, somo lilikuwa limekwisha, chati zimekunjwa na darasa limetoka. Ilibidi apangiwe siku nyingine, naye alikuwa amebakiza wiki moja tu ya mazoezi. Lau ingeandikwa 03:00, yaani saa tisa usiku, yeyote angeshtuka. Saa mbili asubuhi ni saa ya kawaida ya masomo, ndiyo maana kosa halikuonekana.

Wakala ni nini? Ni programu inayoongozwa na modeli ya lugha. Hupewa kazi, husoma maelezo ya zana alizo nazo, huchagua moja, hujaza taarifa zinazotakiwa, hupokea jibu, kisha huamua hatua inayofuata. Mwezi Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ilitoa utaratibu wa wazi uitwao Model Context Protocol, ambao kwao kila zana hujitambulisha kwa jina, kwa maelezo na kwa orodha ya taarifa inazopokea. Jambo linalotuhusu sisi wanalugha ni kwamba maelezo hayo ni matini. Yakiwa na utata, kazi nayo itakuwa na utata.

Tuchukue mfano wa soko la Mpondwe, karibu na Bwera. Lukonzo cha upande huu na Kinande cha upande wa Kongo ni lugha ndugu, na Kiswahili huwaunganisha wafanyabiashara wengine. Mtu akitaja "elfu kumi", mwenzake huuliza: za shilingi au za faranga? Akisema "saa mbili", huulizwa: ya Uganda au ya Kasindi? Kwani saa za mashariki ya Kongo ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Swali moja huokoa biashara. Wakala pia anaweza kuuliza, lakini akipata maana inayoingia bila tatizo, mara nyingi hujaza na kuendelea. Kwa hiyo mwandishi wa maelezo hana budi kuyajibu maswali kabla hayajaulizwa.

Kutokana na hayo, tunapendekeza mambo matano:

1. Jina la zana lionyeshe kitendo. "Panga ukaguzi" ni bora kuliko "ukaguzi".

2. Maelezo yaseme zana itumike lini na isitumike lini, hasa zikiwapo zana mbili zinazofanana.

3. Kila taarifa ipewe kipimo, umbo na mfano. "Kiasi" cha kahawa ni kilo au magunia? Tarehe 7/6 ni Juni au Julai? Mtindo wa kimataifa wa ISO 8601 huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 2025-07-06.

4. Ielezwe kama zana inasoma tu au inabadilisha kitu, na kama badiliko hilo laweza kutenguliwa. Ujumbe ukishatumwa kwa mwanafunzi haurudi.

5. Ujumbe wa kosa ufundishe. Badala ya "Kosa", iandikwe: "Saa haikukubaliwa. Tumia saa 24, mfano 14:00."

Maelezo yetu sasa yanasomeka hivi: "Saa ya ukaguzi kwa mfumo wa saa 24, majira ya Uganda, mfano 14:00. Watumiaji huandika saa za Kiswahili: saa 8 mchana ni 14:00, saa 2 asubuhi ni 08:00. Ikiwa hawakutaja asubuhi, mchana au jioni, waulize kwanza, usikisie." Tulipotuma tena ujumbe ule ule, wakala hakuandika kitu. Alituuliza: "Ni saa 8 mchana?"

Aidha, tunawashauri walimu walijaribu zoezi hili darasani. Mwanafunzi mmoja aandike maelezo ya kazi anayoifahamu, kwa mfano kupima kahawa, na mwenzake ayafuate kama yalivyo, bila kuuliza na bila kusaidiwa kwa ishara. Kila anapolazimika kukisia, atie alama. Alama hizo ndizo sentensi zinazokosekana. Mtaalamu wa kompyuta anaweza kuunda zana, lakini anayejua kwamba saa nane yetu si 08:00 ni mwalimu wa Kiswahili. Tunakaribisha maelezo mtakayoyaandika kwa ajili ya toleo lijalo.